Shahada ya Biashara ya Miaka Miwili Marekani: Hesabu za Kupiga Kabla ya Kusaini Mkopo

Wengi huuliza, "Nikimaliza nitalipwa ngapi?" kisha wanaweka jibu hilo kando ya deni na kuona linalipika. Hesabu huharibika hapo. Mshahara wa sasa ungeupata hata bila kusoma, kwa hiyo kinacholipa deni ni nyongeza peke yake, tena ile inayobaki mkononi baada ya makato.

Chukua mtu anayebeba boksi ghalani kwa dola 17 kwa saa. Kwa saa 40 kwa wiki, mwaka mzima ni dola 35,360. Amalize shahada ya miaka miwili, ile ya Associate, apate kazi ya ukarani wa hesabu kwa dola 21: dola 43,680. Nyongeza ni dola 8,320. Ondoa asilimia 7.65 ya Social Security na Medicare, na asilimia 12 ya kodi ya mapato ya serikali kuu, inabaki kama dola 6,685 kabla ya kodi ya jimbo. Kwa mwezi ni dola 557.

Sasa marejesho. Mikopo ya serikali kuu kwa wanafunzi wa ngazi hii ilikuwa na riba ya asilimia 6.53 kwa mwaka wa masomo 2024–25. Kwa mpango wa kawaida wa miaka 10, kila dola 1,000 uliyokopa inadai dola 11.37 kwa mwezi. Deni la dola 10,000 ni kama dola 114 kwa mwezi, na mpaka liishe umelipa karibu dola 13,640. Deni la dola 30,000 ni dola 341 kwa mwezi, na jumla inafika karibu dola 40,900. Mwenye deni dogo anabakiwa na dola 443 katika ile nyongeza. Mwenye deni kubwa dola 216, na nyumbani wanasubiri ada ya mdogo wake. Fedha za kutuma nyumbani ziandike kwenye bajeti kama kodi ya nyumba. Anayekukopesha haziulizi, lakini zitatoka tu.

Dola 30,000 ni dalili ya hatari kwa shahada hii. Ukomo wa mkopo wa serikali kuu ni dola 5,500 mwaka wa kwanza na 6,500 mwaka wa pili kwa anayehesabiwa kuwa tegemezi wa wazazi. Asiye tegemezi (mwenye miaka 24 au zaidi, aliyeoa au kuolewa, au mwenye mtoto anayemlea) anaruhusiwa 9,500 kisha 10,500. Hiyo ni dola 20,000 kwa miaka miwili. Ukionyeshwa zaidi ya hapo, ziada kwa kawaida ni mkopo binafsi. Huo mara nyingi hutaka mdhamini, na marejesho yake hayafuati kipato chako kinaposhuka. Binamu aliyekudhamini ndiye atakayefuatwa ukishindwa. Ada ya chuo cha jamii (community college) kwa mkaazi wa eneo lake ni wastani wa dola 4,000 hivi kwa mwaka. Chuo kinachokupeleka kwenye deni kubwa kwa shahada hiyo hiyo kinapaswa kukueleza kinakupa nini cha ziada.

Hata hivyo, gharama iliyo nzito kwa mtu mzima anayefanya kazi ni saa alizoacha. Yule wa dola 17 akipunguza kutoka saa 40 hadi 24 kwa wiki, katika wiki 32 za masomo anapoteza dola 8,704. Miaka miwili ni dola 17,408, zaidi ya mara mbili ya ada yenyewe. Ndiyo maana tunapendelea njia ya krediti (vipimo vya uzito wa masomo) 6 hadi 9 kwa muhula, masomo ya jioni au ya mtandaoni, bila kugusa shifti. Kwa mihula miwili kwa mwaka inachukua miaka mitatu na nusu hadi mitano kufikisha krediti 60, lakini mshahara unaendelea kuingia. Usishuke chini ya krediti 6, maana hapo mkopo wa serikali hautolewi, na ule wa zamani huanza kuhesabiwa miezi 6 ya kusubiri marejesho.

Mwenye Green Card ajaze FAFSA, fomu ya kuomba msaada wa masomo wa serikali kuu, kabla ya kufikiria mkopo wowote. Pell Grant, ambayo hairudishwi, ilifika dola 7,395 kwa mwaka 2024–25 kwa wenye kipato cha chini. Anayechukua krediti 6 badala ya 12 hupata nusu ya stahili yake. Wanafunzi wa viza ya F-1, ile ya masomo, hawamo kabisa.

Kuna jambo linalowashtua wengi: ukiwa tayari na shahada ya kwanza, hata ya Dar es Salaam, Nairobi au Makerere, hustahili Pell. Usiifiche kwenye fomu. Hayo ni maelezo ya uongo kwa serikali. Kwa mtu huyu shahada ya miaka miwili ni kurudi nyuma. Aagize nakala za matokeo zitumwe moja kwa moja kutoka chuo chake hadi WES au taasisi nyingine ya kutathmini vyeti vya nje, kisha aangalie krediti chache za uhasibu anazokosa.

Kabla ya kujiandikisha, ingia College Scorecard, tovuti ya Wizara ya Elimu ya Marekani, tafuta chuo, kisha fungua fani yenyewe, si chuo kizima. Utaona kipato cha kati na deni la kati la waliomaliza. Takwimu hizo ni za waliopata msaada wa serikali kuu tu.

Uliza pia aina ya shahada. Associate of Applied Science imekusudiwa kukupeleka kazini, na krediti zake nyingi zinaweza kukataliwa ukitaka kuendelea na shahada ya miaka minne. Omba orodha ya krediti zinazopokelewa, kwa maandishi, kutoka chuo unachotaka kuhamia.

Ukiacha masomo kabla ya asilimia 60 ya muhula kupita, sehemu ya msaada hurudishwa serikalini, na chuo kinaweza kukudai pengo hilo. Ukiona shifti imebadilika na huwezi kuhudhuria, nenda ofisi ya msaada wa fedha kabla ya kuacha darasa hata moja.

Mwajiri naye aulizwe. Sheria inamruhusu kukulipia hadi dola 5,250 za masomo kwa mwaka bila wewe kukatwa kodi, na Amazon na Walmart wana mipango ya kulipia wafanyakazi wa saa. Unacholipa mwenyewe kwa ada na vitabu, ukiwa na angalau nusu ya krediti za muhula kamili, kinaweza kukupa nafuu ya kodi ya American Opportunity: dola 4,000 ulizolipa hukupa nafuu ya hadi dola 2,500. Tunza fomu 1098-T ambayo chuo hutoa kila Januari, pamoja na risiti za vitabu.