Mazoea Madogo ya Kila Siku Yanayoujenga Mwili Wako na Kuwafaa Wenzako

Watu wengi wanaoamua kubadili maisha yao huanza na jambo kubwa: kukimbia kila alfajiri, kuacha wanga kabisa, kufuta mitandao yote kwenye simu. Wiki ya pili haijaisha, mvua inanyesha asubuhi moja, viatu vinabaki mlangoni na safari inaishia hapo. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mtu wa mjini mwenye kazi, watoto na majirani, ambaye hana saa nzima ya ziada kwa siku wala fedha za kulipia ukumbi wa mazoezi. Ninachopendekeza ni kwamba achague mazoea machache ambayo ndani yake yumo mtu mwingine anayenufaika au anayemngoja, kwa sababu zoea la namna hiyo ni gumu kulitoroka kuliko lile ambalo shahidi wake ni wewe mwenyewe tu.

Anza na moja

Mwaka 2009 watafiti wa University College London walitoa matokeo ya kuwafuatilia watu 96 waliokuwa wakijizoesha jambo dogo la kila siku, kama vile kunywa maji au kula tunda. Waliona kuwa kwa wastani zilihitajika siku 66 ili jambo hilo lifanyike bila kulifikiria, ingawa kuna waliohitaji siku 18 tu na wengine walikadiriwa kuhitaji 254. Waliona pia kuwa kuruka siku moja hakukuharibu kazi iliyokwisha kufanyika. Kwa hiyo jipe miezi miwili au mitatu kwa kila zoea, usijilaumu ukikosa siku moja, na lifunge zoea jipya kwenye jambo ambalo tayari unalifanya bila kukumbushwa.

Badala ya kusema kuwa utakunywa maji mengi, amua kwamba ukimaliza kupiga mswaki asubuhi utajaza glasi mbili, moja yako na moja ya mzee mnayeishi naye. Hisia ya kiu hupungua uzeeni, na wazee wengi hupitisha mchana mzima wakiwa na kikombe kimoja cha chai tumboni bila wao wala watu wa nyumbani kutambua.

Jikoni

Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asitumie zaidi ya gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani kiasi cha kijiko kimoja cha chai kilichosawazishwa. Tatizo ni kwamba hakuna anayepima gramu akiwa amesimama mbele ya sufuria. Njia nyepesi ni hii: siku unapofungua pakiti ya nusu kilo, andika tarehe juu yake kwa kalamu. Familia ya watu wazima 5 wanaotumia gramu 5 kila mmoja hutumia gramu 25 kwa siku, hivyo pakiti hiyo huisha baada ya siku 20. Hata hivyo, kuna chumvi nyingine inayoingia kupitia mkate, viungo vya mchuzi vya dukani, chipsi za barabarani na samaki wa ng'onda, kwa hiyo pakiti inayoisha ndani ya siku 20 inakuambia kuwa nyumba nzima imeshavuka kiwango. Lenga idumu mwezi mzima, na kama katika hao 5 wamo watoto wadogo, idumu zaidi ya hapo. Chumvi ya kuoshea samaki iwekwe pembeni, la sivyo hesabu itakudanganya.

Punguza taratibu, kidogo kila wiki, maana ulimi huzoea. Ukipunguza nusu kwa siku moja, watu wa nyumbani watakimbilia kikopo cha chumvi na utakuwa umeanzisha ugomvi usio na faida. Kikopo chenyewe kiondoke mezani. Ndimu, ukwaju, kitunguu saumu, tangawizi na pilipili manga huziba pengo vizuri, hasa kwenye maharage na samaki. Chumvi unayoendelea kutumia iwe yenye madini joto, na ihifadhiwe kwenye chombo chenye kifuniko. Anayepika ana nafasi ambayo daktari hana: akipunguza chumvi katika sufuria moja, amewahudumia kwa pamoja wote wanaokula humo, pamoja na mwenye presha ambaye hajawahi kupima na mwingine anayejua hali yake ila anaona haya kuisema.

Sukari nayo ina hesabu yake. Shirika hilohilo linasema ni vyema zaidi sukari ya kuongezwa isizidi takribani gramu 25 kwa siku, ambazo ni vijiko 6 vya chai. Vikombe viwili vya chai vyenye vijiko vitatu vitatu vimemaliza fungu la siku kabla hujagusa soda. Hapa napendekeza tubadilishe kidogo namna ya kukirimu: mgeni aletewe chai isiyotiwa sukari, na bakuli la sukari liwekwe pembeni pamoja na kijiko. Mwenye kisukari hatalazimika kueleza ugonjwa wake mbele ya watu, wala hatalazimika kunywa kwa kuogopa kumvunjia heshima mwenyeji.

Kutembea na mwenzako

Mtu mzima anashauriwa kupata dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki, na kutembea kwa haraka kunatosha kabisa. Kasi inayofaa ni ile ambayo unaweza kuzungumza lakini huwezi kuimba. Ukiweza kuimba, ongeza mwendo, na ukishindwa kuzungumza, punguza. Kipimo hicho kinahitaji mtu wa kuzungumza naye, na hiyo ndiyo sababu nyingine ya kutembea na jirani. Mkipatana kukutana kwenye kona saa kumi na mbili asubuhi, siku ambayo uvivu umekushika utaamka kwa kumwonea haya aliyesimama pale.

Asiye na asubuhi atafute dakika zake katika safari za kazini. Abiria wa mwendokasi anaweza kushuka vituo viwili kabla ya chake, na yule anayepanda bodaboda kwa safari ambayo ingemchukua dakika kumi na tano kwa miguu anajua mwenyewe pa kuanzia. Akimchukua na mtoto wa jirani anayekwenda shule ya njia hiyohiyo, mama yake atapata nusu saa aliyokuwa hana.

Presha ni jambo la kupima, si la kubahatisha, kwa kuwa wengi walio nayo hawasikii lolote. Kabla ya kupimwa, pumzika dakika 5 ukiwa umekaa, mgongo umeegemea na miguu ikikanyaga sakafu bila kupishana, usiwe umekunywa kahawa au chai ya rangi katika nusu saa iliyotangulia, na mkono ulale mezani usawa wa moyo. Namba za 140 kwa 90 au zaidi, zikijirudia katika siku tofauti, zinakutaka uende kwa daktari. Nenda na mtu mmoja mzima wa nyumbani kwenu ambaye hajawahi kupimwa. Kuambiwa "twende wote" humtoa mtu nyumbani upesi kuliko kuambiwa "nenda ukapime". Lakini akikutwa na presha, usimgawie dawa zako, hata kama ugonjwa unaonekana kuwa uleule, kwa kuwa dozi yako ilipangwa kwa ajili ya mwili wako.

Kumjulia hali mgonjwa

Kwetu mgonjwa hutembelewa, na hilo ni jambo jema, ingawa ziara nyingi humchosha kuliko zinavyomfariji. Kabla ya kwenda, mpigie simu anayemuuguza, si mgonjwa mwenyewe, umuulize saa gani inafaa na ni kitu gani kinahitajika. Jibu la swali la pili mara nyingi si lile ulilolitarajia: pengine nyumba imejaa machungwa na juisi za boksi, na kinachokosekana ni nepi za watu wazima, sabuni ya kufulia, umeme wa Luku au nauli ya mtoto. Ukiwa na mafua au kikohozi, usiende, tuma salamu. Nawa mikono kwa maji tiririka na sabuni kwa sekunde 20 kabla ya kumshika mkono na tena unapotoka, usikae juu ya kitanda chake, na uage baada ya dakika 15 au 20 hata kama mazungumzo yamenoga. Usidai kuonyeshwa kidonda wala kutajiwa jina la ugonjwa. Na usisimulie habari za fulani aliyeumwa hivihivi akafariki. Jambo hili linaonekana dhahiri mno kiasi cha kutohitaji kuandikwa, ila anayekaa wodini jioni moja atalisikia likisemwa, tena kwa nia njema.

Anayeuguza ndiye anayesahauliwa. Kumwambia "ukihitaji chochote niambie" ni kumwongezea kazi ya kufikiria na ya kuomba, na wengi hawaombi. Mwambie: "Dada, nenda ukaoge ulale kidogo, mimi nitakaa naye mpaka saa kumi." Au chukua nguo chafu uzirudishe zikiwa zimenyooshwa. Kama ugonjwa ni wa muda mrefu, kwa mfano kiharusi, saratani au figo, jipangie siku moja ya juma na uishike hiyohiyo, maana wageni hujaa wiki ya kwanza, na mwezi wa tatu hakuna tena anayebisha hodi.

Fedha na maneno

Wema una upande wa fedha ambao huzungumzwa kidogo. Deni lililoandikwa kwenye daftari la Mangi wa dukani au la mama ntilie ni mtaji wa mtu, na kulilipa siku uliyoahidi, bila kukumbushwa, humsaidia zaidi kuliko sadaka ya mwisho wa mwaka. Kuhusu kadi za michango ya harusi na sherehe, utaratibu mzuri ni kutenga kiasi cha mwezi mapema, na kiasi hicho kikiisha, kumjibu mhusika kwa heshima siku ileile kwamba safari hii hutaweza, ili kamati isiweke jina lako kwenye bajeti. Ahadi kubwa isiyotimizwa huvunja udugu kuliko "samahani" ya mapema, nayo humkosesha usingizi aliyeitoa.

Salamu hazihitaji maelezo marefu kwa msomaji wa Kiswahili: mjue mlinzi na mfagizi wa ofisini kwa majina yao, na shikamoo isemwe ukiwa umeinua macho kutoka kwenye simu.

Simu na usingizi

Mtu mzima anahitaji angalau saa 7 za usingizi, na kinachozila mara nyingi ni simu iliyoingia ndani ya chandarua. Iweke ikichaji sebuleni, na kama unaitegemea ikuamshe, nunua saa ndogo ya mezani. Zoea hili lina upande wa pili: baada ya saa tatu usiku, usitume ujumbe wa kazi unaoweza kusubiri asubuhi, wala usirushe kwenye kikundi cha ukoo sauti ya dakika sita isiyo na dharura.

Habari za tiba zinazosambazwa usiku huo ni hatari zaidi. Aliyesoma kwamba majani fulani yanamaliza kisukari anaweza kuacha sindano zake za insulini kesho yake, na aliyemtumia hatajua kamwe. Usichojua kilikotoka, usikipeleke mbele. Anayekituma kikundini mwambie pembeni, faraghani, kwa sababu akisahihishwa mbele ya wajukuu atashikilia msimamo wake kwa ajili ya heshima tu.

Kuchangia damu kwa ratiba

Zoea la mwisho halifanywi kila siku, lakini linahitaji mwili uliotunzwa kwa mazoea yaliyotangulia. Nchini Tanzania, Mpango wa Taifa wa Damu Salama hupokea damu ya mtu mwenye afya njema, mwenye umri wa miaka 18 hadi 65 na uzito usiopungua kilo 50. Mwanamume anaweza kuchangia kila baada ya miezi 3, na mwanamke kila baada ya miezi 4. Kinachotolewa kwa mara moja ni takribani mililita 450.

Sababu ya kuwa na ratiba ni kwamba damu haikai. Chembe nyekundu huhifadhiwa kwenye jokofu kwa wiki 5 au 6, na chembe sahani, zile zinazosaidia damu kuganda, kwa siku chache tu, kwa hiyo foleni ndefu ya tarehe 14 Juni, Siku ya Wachangiaji Damu Duniani, haimfai mama aliyevuja damu nyingi wakati wa kujifungua mwezi Agosti, wala mtoto aliyeishiwa damu kwa malaria kali mwezi huo. Hospitali inahitaji watu wanaorudi.

Usiku wa kuamkia siku hiyo lala vya kutosha, asubuhi kula kama kawaida na unywe maji. Utapimwa uzito, presha na wingi wa damu kabla ya kutoa, na damu yenyewe itapimwa magonjwa kama VVU, homa ya ini na kaswende, hivyo jibu maswali ya mhudumu kwa ukweli hata kama ni ya aibu. Ukimaliza, pumzika pale kwa dakika 10 hadi 15, kunywa unachopewa, na usinyanyue ndoo wala mizigo mizito siku hiyo. Kabla hujaondoka kwenye kiti, fungua kalenda ya simu, weka tarehe ya kurudi, na umtumie tarehe hiyo mwenzako mmoja ambaye utakuja naye.