Jinsi ya kulijua kusudi la biashara yako: hatua nilizopitia mwaloni Igombe

Naanika na kuuza dagaa hapa mwaloni, pale mitumbwi inaposhusha samaki, Igombe, Mwanza. Miaka ya mwanzo nilihesabu magunia tu, na faida ikiingia moyo haukutulia. Hivi ndivyo nilivyofanya.

Hatua ya 1: Chagua siku tulivu. Sisi tunazo siku za mbalamwezi: mwezi ukiwa mkubwa, taa za wavuvi hazivuti dagaa, mitumbwi inapumzika. Usikae kufikiri siku mzigo umeshuka; utawaza madeni.

Hatua ya 2: Andika nani ataumia ukifunga wiki moja. Usiandike "jamii", andika watu. Nilidhani orodha yangu ingeanza na wanunuzi wakubwa. Ikaanza na akina mama sita wanaonifanyia kazi ya kuanika. Wanunuzi wangepata dagaa kwa jirani kabla jua halijazama.

Hatua ya 3: Tafuta jambo linalokukera hata kama linakuingizia pesa. Hapa usiharakishe. Langu lilikuwa mchanga. Dagaa wanaoanikwa chini hushika mchanga, na mchanga huongeza uzito, kwa hiyo wapo wanaoufurahia. Nami niliuza hivyo. Kisha mteja mmoja akaniambia huwaosha mara nne kabla ya kumpikia mwanawe, na bado mtoto hutafuna mchanga. Usiku ule sikupata usingizi. Dagaa ni kitoweo cha mwenye kipato kidogo, huliwa mzima na mifupa yake, na humo ndimo mna kalsiamu ya kumjenga mtoto. Nikajua ninachotaka kufanya: kumfikishia mama yule dagaa safi.

Hatua ya 4: Ligharamie kusudi hilo. Nilijenga chanja mbili za kuanikia, za miti na nyavu kuukuu, kimo cha kiuno. Faida ya msimu mzima iliishia hapo. Wewe anza na unachokimudu.

Hatua ya 5: Waeleze wafanyakazi, na uwape ruhusa ya kukukatalia. Hii ndiyo ngumu kuliko zote. Siku moja gari linasubiri, dereva anapiga honi, gunia moja likaonekana lina mchanga. Nikasema, "Fungeni tu." Mama mwenye umri mkubwa kuliko wote pale akaweka chini sindano ya kushonea magunia. "Mwanangu, si ulisema mwenyewe?"

Tukalimwaga, tukaanza kuchekecha upya. Gari likaondoka na gunia moja pungufu.