Ukitaka kumsaidia mwanasayansi mwanamke aanzishe kampuni, semina ya kujiamini iweke pembeni kwanza

Watu wakisikia hii mada wanakimbilia kusema wanawake wanaogopa biashara, so ngoja nianze na hesabu. Pale chuo cha MIT, Marekani, maprofesa watatu wanawake, Sangeeta Bhatia, Susan Hockfield na Nancy Hopkins, waliangalia kampuni kama 250 za bayoteknolojia zilizoanzishwa na maprofesa wa chuo hicho, wakakuta waanzilishi wanawake hawafiki hata asilimia 10, wakati kwenye idara husika wanawake walikuwa kama asilimia 22 ya maprofesa. Wakapiga hesabu kwamba wanawake wangeanzisha kampuni kwa kasi ya wenzao wa kiume, zingekuwepo kama 40 zaidi. Hopkins ndo yuleyule ambaye miaka ya 1990 alishika futi akapima maabara moja moja, akaonyesha maprofesa wanawake wamepewa nafasi ndogo kuliko wanaume. Huyo mama habishani, anapima.

Sasa hao ni maprofesa, wana maabara, wana wanafunzi, wana majina duniani. Unawapeleka semina ya kujiamini ili iweje? Wanachokosa ni mtu wa kuwapigia simu, muda, na karatasi zilizokaa sawa, na ukiangalia vizuri vingi kati ya hivo viko mikononi mwako we mkuu wa idara, msimamizi, mwenzake wa maabara au mtu mwenye vihela vya kuwekeza.

Muwahi kabla hajachapisha

Hapa ndo pesa nyingi zinapopotelea na hakuna anayelia kwa sababu hakuna anayejua. Mtu ana matokeo mazuri, anafurahi, anatuma muhtasari kwenye kongamano, muhtasari unawekwa mtandaoni wiki mbili kabla, bango linabandikwa ukutani, watu wanapiga picha na simu. Imeisha hiyo. Kwa sheria za Ulaya na nchi nyingi tu, kitu kikishaonekana hadharani kabla hujaomba hataza (patent, yaani haki ya kisheria ya kuzuia wengine wasiige uvumbuzi wako) si kipya tena, na kisicho kipya hakipewi hataza. Marekani wanakuvumilia mwaka mmoja, ila usipange maisha yako kwa hilo.

So kazi yako we msimamizi ni swali moja tu kila anapokuletea rasimu: kuna mtu angelipia hiki kitu? Akisema labda, kabla hajabonyeza kutuma nendeni wote wawili ofisi ya chuo inayoshughulika na hataza, na usimwambie aende mwenyewe, nenda naye, ukae kwenye kiti. Ombi la kwanza likishaingia ana miezi 12 ya kuomba nchi nyingine akitumia tarehe ileile, na kuchapisha anaweza kuchapisha kesho yake. Wengi wanadhani ni lazima uchague kati ya hataza na makala. Hapana, ni suala la kipi kinatangulia.

Halafu mmiliki wa hataza mara nyingi ni chuo, si yeye. Atahitaji leseni, yaani ruhusa ya kuitumia, kutoka kwa mwajiri wake mwenyewe, kwa hiyo mtafutie wakili wake, si wakili wa chuo, maana huyo wa chuo analipwa na chuo, hata akiwa mpole namna gani.

Mtambulishe, tena leo

"Nitakuunganisha na jamaa mmoja" si msaada, ni salamu. Msaada ni imeili iliyotoka, na yeye yumo kwenye kopi. Mfano kama huu:

"Kaka habari za siku. Hapo kwenye kopi yupo Dk. fulani. Ametengeneza kipimo kinachoonyesha madini ya risasi kwenye maji palepale, bila kupeleka sampuli maabara. Wewe unahudumia watu wa mitambo ya maji, nadhani utataka kukiona. Ana nafasi Jumanne na Alhamisi. Mimi natoka hapa, ongeeni."

Angalia ambacho hakimo. Hakuna "ni dada mwenye bidii sana", hakuna "mama wa watoto wawili lakini anajitahidi". Mi nimeshaandikiwa watu kwa mtindo huo na nakwambia ukweli, ukishamaliza kusoma unakumbuka watoto, kipimo umeshasahau.

Mfanyishe mazoezi ya maswali, si ya slaidi

Slaidi atatengeneza mwenyewe, ameshatetea tasnifu huyo. Shida iko kwenye maswali. Utafiti wa Dana Kanze na wenzake uliotoka 2018 uliangalia mashindano ya kampuni changa huko New York na kukuta kama theluthi mbili ya maswali kwa wanaume yalikuwa ya kupata (utakuaje, utawavutaje wateja) na kama theluthi mbili ya maswali kwa wanawake yalikuwa ya kutopoteza (utajilindaje, wateja wakikimbia je). Na wawekezaji wanawake nao walikuwa wanauliza hivohivo. Ukiulizwa cha kujilinda ukajibu cha kujilinda, unaonekana unalinda kibanda, na wanaokuzwa ni wengine. Waliojibu kwa kugeuza kwenda kwenye ukuaji walipata pesa nyingi zaidi.

So kaa naye umuulize makusudi: "Kampuni kubwa ikiiga utafanyaje?" Jibu la kwanza litakuwa "tuna hataza". Mwambie arudie. Jibu la pili liwe kama "wakija ni dalili soko ni kubwa, sisi tuna data ya vipimo ya miaka 6 ambayo wao wataanza sifuri, na mwaka huu tunaingia kwenye visima". Rudieni mpaka aanze kuchoka na wewe. Na siku we mwenyewe ukiwa jaji, jisikilize unavyouliza.

Wateja kwanza

Programu ya I-Corps ya shirika la sayansi la Marekani, NSF, inawapa timu wiki 7 wahoji wateja kama 100, na hiyo namba unaweza kuiba bila kujiunga popote. Hapo kazi yako ni kutoa namba za simu.

Si lazima aache maabara

Wengi wanakataa kwa sababu wanadhani kampuni maana yake kuacha sayansi wakahesabu risiti. Jennifer Doudna, mwanasayansi wa Marekani mwenye tuzo ya Nobel, alishiriki kuanzisha kampuni ya Caribou Biosciences mwaka 2011 na aliyekaa kiti cha mkurugenzi ni Rachel Haurwitz, mwanafunzi wake. Frances Arnold, naye ana Nobel, alishiriki kuanzisha kampuni ya Gevo mwaka 2005 na bado akabaki chuoni kwake, Caltech. Mwambie hilo mapema, halafu mkuu wa idara mpunguzie vipindi vya kufundisha kwa maandishi, maana ahadi ya mdomo inakufa siku ratiba inapotoka. Vikao viwe mchana, si saa moja jioni.

Hisa waanzilishi waandikiane siku ya kwanza hata kama ni marafiki. Ziive taratibu kwa miaka 4, yaani kila mtu azipate kidogo kidogo kadiri anavyobaki, na anayeondoka kabla ya mwaka haondoki na kitu. Akiona aibu kuuliza nani anapata ngapi, uliza we.

Halafu ile imeili uliyotuma, baada ya wiki mbili muulize jamaa kajibu nini. Kama kimya, mpigie simu wewe.