Chaitra ukiwa Pune: tazama kalenda kabla ya kumpelekea jirani sahani

Mwaka wangu wa kwanza Pune, mji wa jimbo la Maharashtra, India, nilipika pilau. Nilijua mama mwenye nyumba hali nyama, kwa hiyo nikaipika ya viazi na njegere, nikajiona mwerevu. Nikapakua sahani moja, nikaifunika, nikapanda ngazi. Kwetu ndiyo adabu: ukipika kitu chenye harufu, jirani naye aonje.

Kaku (ndivyo tulivyomwita, neno la Kimarathi la mke wa baba mdogo, na huku kila mama wa makamo ni Kaku) alifungua mlango, akaitazama sahani, akacheka. "Mwanangu, leo ni ekadashi. Nimefunga. Na umeniletea wali!" Kumbe katika siku zote za mwezi nilichagua ile ambayo wali ndio mwiko wenyewe, na vitunguu juu yake. Akanionyesha kalenda iliyoning'inia jikoni, akaniambia, "Hii ndiyo uisome kwanza."

Nimeisoma tangu hapo, na wewe unayekuja kusoma, kufanya kazi au kumuuguza mtu India kuanzia Machi hadi Aprili, wakati wa Chaitra, mwezi wa kwanza wa kalenda ya Kihindu, nakushauri uanze nayo. Utaiona karibu kila nyumba ya Pune: kalenda ya ukutani, na chini ya kila tarehe maandishi madogo yanayotaja siku ya mwezi wa mbinguni. Kwa aliyezoea kungoja mwezi mwandamo wa Ramadhani, si kitu kigeni.

Mwezi wa Wahindu unafuata mwezi wa angani, kama ule tunaohesabia Idi. Ila huku hakuna anayepanda juu ya paa kuutafuta. Mambo yote ni hesabu. Mwezi mmoja umegawanywa vipande 30 viitwavyo tithi, 15 mwezi ukikua na 15 ukipungua. Tithi ni muda ambao mwezi unaliacha jua nyuzi 12, nao haulingani: unaweza kuwa saa 19, unaweza kufika 26. Siku inabeba jina la tithi iliyokutwa na jua likichomoza. Ndiyo maana tithi nyingine hurudiwa na nyingine humezwa. Mwaka 2026, tithi ya kwanza ya Chaitra inaanza muda mfupi baada ya jua kuchomoza tarehe 19 Machi na kwisha kabla ya jua la tarehe 20. Hakuna mapambazuko yaliyoikuta, lakini mwaka mpya unasherehekewa hiyo 19.

Sasa linganisha. Mwaka 2024 mwaka mpya huo, Gudi Padwa, ulikuwa 9 Aprili, na Idi nyumbani 10 Aprili. Mwaka 2025 ulikuwa 30 Machi, Idi 31 Machi. Mwaka 2026 ni 19 Machi, na Idi iko palepale, siku moja au mbili mbele. Ni mwezi uleule mmoja! Kisha 2027 njia zinaachana: Idi inasogea hadi karibu na 10 Machi, Gudi Padwa inaruka hadi 7 Aprili. Sababu ni kwamba mwaka wa mwandamo una siku kama 354, nasi tunauacha uzunguke majira yote, ila wao huurudisha. Kila baada ya miaka mitatu hivi huongeza mwezi mzima, adhik maas. Wa 2026 unaanza 17 Mei hadi 15 Juni. Kwa hiyo tarehe za mwaka jana usizitumie kukatia tiketi.

Jambo jingine litakalokuchanganya: rafiki yako wa Varanasi atasema Chaitra imeanza mara tu baada ya Holi, sikukuu ya kurushiana rangi, wa Pune atasema bado siku 15. Wote wako sawa. Kaskazini mwezi unaisha ukiwa mpevu, Maharashtra, Gujarat na kusini unaisha ukiwa gizani. Sikukuu zenyewe haziathiriki.

Asubuhi ya Gudi Padwa tembea mtaani ukitazama madirisha. Kila nyumba imesimamisha mwanzi uliofungwa kitambaa cha hariri, juu yake chombo cha shaba kimepinduliwa, pembeni majani ya mwembe, shada la vidonge vya sukari na kitawi cha mwarobaini. Ndiyo, mwarobaini wetu. Utapewa majani yake machache na sukari guru, uyatafune pamoja. Usikunje uso, bibi yako alikunywesha chungu kuliko hayo. Ukiwa Bengaluru au Hyderabad siku hiyohiyo ni Ugadi, na utaletewa mchanganyiko wa ladha sita: ua la mwarobaini, sukari guru, embe bichi, ukwaju, pilipili na chumvi. Mtu wa pwani hahitaji kufasiriwa hata kimoja.

Siku hiyo inafungua siku tisa za Navratri ya Chaitra, za ibada na mfungo kwa mungu wa kike Durga, ambazo watu wa kaskazini huzishika zaidi. Mesi za hosteli nyingi huacha vitunguu na kitunguu saumu kwa siku hizo, usilalamike. Siku ya nane au ya tisa familia za kaskazini huwaalika wasichana wadogo, huwaosha miguu na kuwalisha puri, halua na dengu nyeusi. Ukiwa na binti mdogo, jirani anaweza kubisha hodi kumwomba. Mruhusu, atarudi na zawadi mkononi.

Siku ya tisa ni Ram Navami. Ni siku ya kuzaliwa mungu Rama, na inasemekana alizaliwa adhuhuri, kwa hiyo inayotazamwa ni tithi iliyopo mchana. Mwaka 2026 tithi ya tisa inaanza tarehe 26 Machi kabla ya adhuhuri na kwisha asubuhi ya 27, ndiyo maana wengine wataadhimisha 26 na wengine 27. Muulize mtu wa hapo ulipo. Siku hiyo kuna maandamano makubwa na barabara hufungwa. Mwaka 2022 na 2023 katika baadhi ya miji yalizuka machafuko. Ukiwa na ndege ya jioni, ondoka mapema, na usikae kwenye msongamano kupiga picha.

Turudi kwa Kaku. Baada ya kuikataa pilau yangu alinipa sahani ya kwake, nami nikadhani ananitania: amefunga, na bado jiko linawaka? Hapa ndipo wengi wetu tunakosea, kwa kuwa neno "kufunga" kwetu lina alfajiri na magharibi ndani yake. Kwao kuna anayefunga hata maji, kuna anayekula mlo mmoja, na walio wengi huacha nafaka na kunde tu, wakala vya mfungo. Alichonipa kilikuwa sabudana khichdi: punje nyeupe zinazoteleza kama lulu, zimekaangwa kwa samli, karanga zilizotwangwa, viazi, binzari nyembamba na pilipili mbichi. Nilipouliza sabudana ni nini, jibu likanichekesha. Ni muhogo. Mhindi anayefunga anakula muhogo na karanga, nasi tunafunga safari ya ndege kuja kumshangaa.

Kwa hiyo ukitaka kumpelekea aliyefunga kitu, peleka matunda, maziwa, au viazi vilivyochemshwa na chumvi ya mawe. Futari usimwekee saa ya magharibi. Ekadashi, tithi ya 11 ya kila nusu ya mwezi, hufunguliwa kesho yake jua likishatoka. Ya Chaitra mwezi ukikua, mwaka 2026, ni 29 Machi. Wanaofunga Sankashti, siku ya nne baada ya mwezi mpevu, hungoja mwezi uchomoze usiku, na hao ndio watakaokukumbusha nyumbani, maana utawakuta barazani wakiukodolea macho. Kaku alifungua asubuhi ya pili yake, na saa mbili alikuwa mlangoni kwangu: ile pilau imebaki?

Mambo ya ofisi. Wajaini si Wahindu, lakini Mahavir Jayanti, siku ya kuzaliwa mwalimu wao Mahavira, nayo huangukia Chaitra, na katika miji mingi machinjio hufungwa. Nunua kuku wako jana yake. Kwa 2026 ni 31 Machi. Tarehe 1 Aprili benki nyingi hazihudumii wateja kwa sababu ya kufunga hesabu za mwaka, tarehe 2 ni Hanuman Jayanti, siku ya kuzaliwa mungu Hanuman, tarehe 3 ni Ijumaa Kuu. Mgonjwa wa dharura atapokelewa, ila kliniki za kawaida ulizia kwanza. Mwenye viza ya masomo, kazi au matibabu ya zaidi ya siku 180 ana siku 14 tu tangu kuingia nchini za kujiandikisha FRRO, ofisi ya kuandikisha wageni, na sikukuu hazikuongezei muda. Jaza fomu mtandaoni wiki ya kwanza. Kodi ya nyumba itoe tarehe 30 Machi, kabla benki hazijafungwa.