Ndugu Anakuja Dar Kutoka Ughaibuni: Namna ya Kumwandaa, Hatua kwa Hatua

Desemba moja aliletwa kwetu mtoto wa miaka sita, mwili unachemka, midomo imekauka. Amezaliwa Uingereza. Alikuja na mama yake kwa harusi ya mjomba huku Mbagala, kisha wakateremka Newala siku nne kumsalimia bibi. Nilipomuuliza mama kama mtoto alipewa dawa ya kukinga malaria alinishangaa. “Dada, sisi ni watu wa huku. Malaria tumekua nayo.” Tukamtoboa mtoto kidole. Baada ya robo saa kipimo kilikuwa na mistari miwili, yaani ana malaria. Alilazwa siku tatu, akapona, lakini usiku wa kwanza mama yule hakukaa chini hata dakika moja.

Mimi ni muuguzi hapa Dar es Salaam, na kwa miaka kadhaa nimekuwa nikihudumia wasafiri. Mtalii anayekuja kupanda Kilimanjaro huwa ameshajiandaa, ana kadi zake na vidonge vyake. Anayenitia hofu ni ndugu yetu anayerudi nyumbani, kwa sababu hajioni kama msafiri. Kwa hiyo nakuandikia wewe uliye Dar unayemsubiri. Yeye huko ana zamu za kazi na watoto wa kupeleka shule, kumkumbusha ni kazi yako. Anza wiki sita hadi nane kabla ya safari.

Hatua ya 1: Muulize anasafiria pasipoti ya wapi, na anapitia wapi

Maswali haya mawili yanaamua karibu kila kitu kinachofuata.

Sheria yetu ya uraia hairuhusu mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili. Kaka yako aliyechukua uraia wa Marekani, hata kama kitovu chake kimezikwa Kigamboni, mbele ya kaunta ya Uhamiaji ni mgeni na kwa kawaida anahitaji viza. Najua hili linawauma wengi, na nimewahi kumwona mtu mzima akilengwa na machozi akilisimulia. Ni afadhali alijue akiwa bado kwake kuliko alikute kwenye foleni usiku wa manane.

Njia nayo ina maana yake. Kutoka Ulaya au Marekani wengi huja kwa kupitia Doha, Dubai, Istanbul, Amsterdam, Addis Ababa au Nairobi. Miji miwili ya mwisho ina habari yake, nitaieleza kwenye hatua ya 3. Mwombe akutumie picha ya tiketi yenyewe, siyo maelezo ya mdomo.

Hatua ya 2: Viza, na miezi sita ya pasipoti

Pasipoti iwe imebakiza angalau miezi sita kabla ya kwisha. Kagua na za watoto, maana pasipoti ya mtoto huwa na muda mfupi kuliko ya mkubwa na ndiyo inayosahaulika.

Viza huombwa kwa mtandao tangu mwaka 2018, kwenye tovuti ya Idara ya Uhamiaji: visa.immigration.go.tz. Angalia herufi za mwisho, .go.tz. Zipo tovuti nyingine zilizopambwa zikafanana na ya serikali, nazo hutoza pesa ya ziada kwa kazi ambayo mtu angeifanya mwenyewe. Viza ya kawaida ya kuingia mara moja ni dola 50 na humruhusu mtu kukaa hadi siku 90. Mwenye pasipoti ya Marekani hulipa dola 100, lakini yake ni ya kuingia mara nyingi. Kila mtoto mwenye pasipoti ya nje anaomba viza yake. Raia wa nchi nyingi wanaweza pia kuipata wakifika uwanjani, ila kwa familia yenye watoto waliosinzia mabegani sishauri. Jibu likija, alichape kwenye karatasi, maana simu huzima chaji.

Viza ya kawaida ni ya kutembea na kusalimia. Kama anakuja kufanya kazi, hata ya wiki mbili, aombe ya aina inayostahili.

Hatua ya 3: Kadi ya njano

Hapa ndipo maneno ya mitaani yanapopotosha watu. Tanzania haimdai kila anayeingia cheti cha chanjo ya homa ya manjano, ndiyo hiyo kadi ya njano. Inamdai mwenye umri wa mwaka mmoja na kuendelea anayetoka nchi yenye hatari ya ugonjwa huo, au aliyekaa zaidi ya saa 12 kwenye uwanja wa ndege wa nchi kama hiyo akisubiri kuunganisha. Uingereza, Marekani, Qatar na Falme za Kiarabu hazimo. Kenya, Uganda na Ethiopia zimo.

Kwa hiyo anayeunganisha Addis saa tatu na kuendelea hadaiwi. Anayeamua kushuka Nairobi akalala siku mbili kwa shangazi wa Eastleigh anadaiwa. Hata yule aliyekosa ndege ya kuunganisha, akapelekwa hotelini mpaka kesho yake, ameshavuka zile saa 12 bila kupanga. Ndiyo maana kila anayepitia miji hiyo namshauri achanje, hata kama tiketi yake inaonyesha saa mbili tu.

Chanjo ianze kuhesabiwa mapema: cheti hakina nguvu mpaka zipite siku 10 tangu sindano. Aliyechanjwa Jumatatu akapanda ndege Ijumaa ana kadi, lakini kadi hiyo bado haijaanza kazi. Habari njema ni kwamba tangu Julai 2016 cheti hudumu maisha yote, pamoja na vile vya zamani vilivyoandikwa miaka 10. Kama aliwahi kuchanjwa akiwa anaondoka nchini, aitafute kadi ile ile ndani ya bahasha za zamani kabla hajachomwa tena.

Akiipata, mwambie akupigie picha muikague pamoja. Jina liwe kama lilivyo kwenye pasipoti. Pawepo tarehe ya chanjo, namba ya toleo la chanjo, sahihi ya aliyechoma na muhuri wa kituo. Nilimhudumia mama mmoja ambaye kila kitu kilikuwepo isipokuwa muhuri: kliniki aliyochanjwa huko nje ilisahau kuugonga, na yeye hakuwa na sababu ya kuangalia. Alikaa uwanjani saa nzima akijieleza, wajukuu wakimsubiri nje na maua.

Chanjo hii ina virusi hai vilivyodhoofishwa, kwa hiyo haimfai kila mtu. Mjamzito, mtoto wa chini ya miezi tisa, mwenye mzio mkali wa mayai, aliyeshuka kinga ya mwili, na mtu wa miaka 60 na zaidi anayechanjwa kwa mara ya kwanza, wote wazungumze na daktari kwanza. Ambaye hafai kuchanjwa hupewa cheti cha daktari kinachoeleza sababu, na abebe hicho.

Hatua ya 4: Malaria, na hapa tukae

Kinga ya malaria haikai mwilini kama kovu la ndui. Mwili huijenga kwa kuambukizwa mara kwa mara miaka mingi, na hata hapo haizuii ugonjwa, huupunguza makali tu. Mtu akiondoka, kinga huanza kupungua taratibu. Aliyekaa Birmingham miaka kumi amerudi karibu na mwanzo. Mtoto aliyezaliwa huko hana kabisa, hata kama babu na bibi zake wote ni wa Rufiji.

Utasikia pia kwamba Dar siku hizi hakuna malaria. Ni kweli imepungua sana jijini. Lakini nani anakuja kutoka Ulaya akaishia Sinza? Lazima aende kusalimia. Mtwara, Kigoma, Tabora na Geita bado malaria ipo nyingi, na kwa msafiri hatari huhesabiwa kuwepo kila mahali palipo chini ya mita 1,800 kutoka usawa wa bahari, yaani sehemu kubwa ya nchi.

Dawa ya kukinga aandikiwe na daktari huko anakoishi. Za kawaida ni tatu. Malarone huanza siku moja au mbili kabla ya kufika, humezwa kila siku pamoja na chakula au maziwa, na huendelea siku 7 baada ya kuondoka. Doksisaiklini nayo huanza siku moja au mbili kabla na ni ya kila siku, lakini huendelea wiki nne baada ya kuondoka. Haimfai mjamzito wala mtoto mdogo, na humfanya mtu aungue jua upesi. Meflokwini humezwa mara moja kwa wiki, ikianza angalau wiki mbili kabla na kuendelea wiki nne baada. Mwenye kifafa au aliyewahi kuugua akili asipewe. Watoto hupimiwa dozi kwa kilo zao, kwa hiyo kumgawia mtoto nusu ya kidonge cha baba ni hatari.

Mseto ni dawa ya kutibu. Usimnunulie mgeni mseto aumeze “kwa kujikinga”.

Na sasa ombi langu kwako wewe mwenyeji. Wengi huanza dawa vizuri, kisha huacha siku ya tatu kwa sababu sisi tumewacheka. Anatoa kidonge mezani baada ya kula, shangazi anauliza, “Umekuwa mzungu?” na kesho yake kidonge hakitoki tena. Usimcheke. Mletee maji ya kumezea.

Dawa haitoshi peke yake. Chandarua chenye dawa kiwe tayari kitandani kabla hajafika, uchunguze kama kina matundu, na ukichomeke chini ya godoro kabla jua halijazama.

Hatua ya 5: Begi la mkononi

Pasipoti, viza iliyochapwa, kadi ya njano na anwani ya atakapofikia viwe mkononi. Begi kubwa atalikuta baada ya kupita kaunta, na karatasi iliyofungiwa humo haitamsaidia. Dawa za kila siku, za presha au sukari, zikae kwenye begi hilo la mkononi, ndani ya vifungashio vyake, pamoja na barua ya daktari, hasa zikiwa dawa kali za maumivu.

Mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa imepigwa marufuku tangu tarehe 1 Juni 2019. Zawadi asizifunge humo, atumie mifuko ya nguo.

Hatua ya 6: Kushuka

Ndege nyingi za kimataifa hushukia Jengo la Tatu la abiria pale Julius Nyerere. Akiwa na homa aliyoanza nayo safarini, amwambie afisa afya bila kuficha. Atapimwa na kushauriwa, na ndiyo njia ya haraka ya kupata msaada.

Hatua ya 7: Akiwa nyumbani kwako

Mbu wa malaria huuma usiku, lakini Dar tuna mwingine wa mchana, anayeleta dengue, ile homa tunayoiita kidinga popo. Ilitusumbua sana mwaka 2014 na tena 2019. Huyu huzaliana kwenye maji masafi yaliyotuama, kwa hiyo wiki moja kabla ya mgeni zunguka ua: tairi kuukuu, kopo nyuma ya choo, sahani chini ya chungu cha maua, ndoo isiyofunikwa. Mwaga. Mgeni apake dawa ya kufukuza mbu asubuhi pia, na kama anapaka mafuta ya kuzuia jua, hayo yatangulie. Akipata homa na maumivu ya viungo, ameze panadol, anywe maji, aende kupimwa. Asimeze aspirini wala ibuprofeni, maana kama ni dengue zinaweza kuongeza hatari ya kutoka damu.

Tumbo ni jambo la siku tatu za kwanza. Maji yawe ya chupa iliyofungwa au yaliyochemshwa, na barafu ya juisi ya ukwaju nayo ni maji. Chakula cha moto kutoka jikoni hakina neno. Kachumbari ya barabarani isubiri. Weka nyumbani pakiti za ORS, unga wa kuchanganya na maji kwa anayeharisha. Zikikosekana, lita moja ya maji salama, vijiko vidogo sita vya sukari vilivyosawazishwa na nusu kijiko kidogo cha chumvi. Mtoto akitapika kila anachopewa, au kuharisha damu, au kulegea, hiyo ni ya hospitali mara moja.

Akienda Mwanza asiogelee ziwani, kuna kichocho. Akiumwa na mbwa popote, kidonda kioshwe kwa maji yanayotiririka na sabuni dakika 15, kisha akachanjwe siku hiyo hiyo.

Hatua ya 8: Kama mtavuka Zanzibar

Tangu tarehe 1 Oktoba 2024 mgeni asiye Mtanzania anatakiwa kuwa na bima ya safari ya Shirika la Bima la Zanzibar, dola 44 kwa mtu mzima, hata kama ana bima nyingine ya huko kwao. Ailipie kwa mtandao mapema, na pasipoti aende nayo hata kama mnapanda boti hapa hapa Dar.

Hatua ya 9: Akisharudi

Malaria huonekana siku 7 au zaidi baada ya kuumwa na mbu, na mara nyingine baada ya miezi. Daktari wa Manchester aliyezungukwa na mafua ya baridi hawezi kuiwazia asipoambiwa. Mtumie ndugu yako ujumbe huu, nami huwatumia wangu wote: “Ukipata homa yoyote, hata baada ya miezi, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Mwambie daktari ulikuwa Tanzania. Omba upimwe malaria.”

Ujumbe mwingine mtumie siku ya tatu tangu aondoke, umuulize kama bado anameza vidonge.