Gari la spoti la zamani linapogoma kuwaka likiwa la moto: namna ya kutafuta chanzo

Somo hili kwa wanachama wetu linahusu Toyota MR2 ya kizazi cha kwanza, iliyotengenezwa kati ya 1984 na 1989, yenye injini ya 4A-GE. Sehemu kubwa yake itawafaa pia wenye Celica za enzi hiyo zinazotumia distribyuta, yaani kifaa kinachogawa umeme wa cheche kwa kila plagi.

Injini ya gari hili imekaa nyuma ya viti, katika nafasi finyu, na joto lake halianzi kushuka mara tu unapozima. Maji yakiacha kuzunguka na upepo ukikatika, vifaa vinavyoizunguka injini huendelea kupata moto kwa muda, kwa kawaida hadi nusu saa. Ndiyo maana gari lililotoka Magu bila shida yoyote hugoma baada ya kusimama kidogo kwenye foleni ya kivuko cha Kamanga, jijini Mwanza kando ya Ziwa Viktoria, kisha likawaka vizuri fundi anapofika.

Kwa hiyo nawasihi: msibadilishe kifaa chochote kabla ya kuukuta ubovu ukiwapo. Wapo wanaonunua pampu, koili na stata kwa zamu, wakati kosa ni waya mmoja uliolegea. Beba multimita (kipimo cha volti na ukinzani wa umeme) na plagi nzima ya kupimia cheche, endesha hadi injini ipate moto kamili, zima, acha kifuniko cha injini kikiwa kimefungwa kwa dakika kumi na tano, halafu piga stata.

Hatua ya kwanza ni stata. Ikilia "tak" bila kuzungusha injini, pima umeme kwenye waya mwembamba unaoingia kwenye stata huku msaidizi wako akishikilia ufunguo. Ukipata volti 8 au zaidi na betri ikiwa na nguvu, stata yenyewe ndiyo ya kufunguliwa, na mara nyingi utakuta vipande vya shaba vya ndani vimelika. Ukipata pungufu, fuata waya kurudi hadi kwenye swichi ya ufunguo.

Hatua ya pili, iwapo injini inazunguka bila kuwaka, ni cheche. Ikikosekana, pima ukinzani wa koili ndogo iliyo ndani ya distribyuta papo hapo, kabla haijapoa, kwa kuwa waya wake mwembamba ukikatika hutengana kwa joto na kugusana tena ukipoa.

Hatua ya tatu ni mafuta, na hapa ndipo pa kutulia. Ufukwe wa Ziwa Viktoria uko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na petroli huchemka mapema kuliko ingechemka Dar es Salaam. Kinga yake ni presha inayobaki kwenye bomba: baada ya kuzima, inapaswa kubaki angalau kilopaskali 147 kwa dakika tano. Ikishuka, chunguza valvu ya pampu, kidhibiti presha na noziri (vinyunyizio vya petroli kwenye injini). Plagi zikitoka zimelowa, tatizo ni wingi wa mafuta. Shuku noziri ya kuwashia asubuhi, ambayo haipaswi kuvuja zaidi ya tone moja kwa dakika, na sensa ya joto la maji, inayopaswa kusoma kati ya omu 200 na 400 maji yakiwa nyuzi 80.

Maswali ya wanachama

Mwanachama wa Nyakato: Fundi humwagia stata maji na gari linawaka. Je, hiyo inathibitisha kwamba stata imekufa?

Jibu: Hapana, ndugu yangu. Inathibitisha kwamba joto linahusika, lakini maji hayo hupoza na nyaya pia. Tena maji baridi yanaweza kupasua bomba la moshi lililo la moto. Pima volti kwanza.

Mwanachama wa Ilemela: Celica yangu ni ya kabureta. Nifanye nini?

Jibu: Hatua mbili za mwanzo hazibadiliki. Petroli ikichemka ndani ya kabureta, kanyaga mafuta hadi mwisho na ushikilie bila kupampu, huku ukipiga stata. Kisha sogeza mpira wa mafuta mbali na injini, na kagua kizuizi cha joto kilicho chini ya kabureta.

Mwanachama wa Musoma: Langu huzimika njiani, halafu huwaka baada ya kupoa.

Jibu: Shuku umeme wa cheche kwanza. Likizima tena, piga stata huku ukitazama geji ya mizunguko ya injini: mshale usipotikisika kabisa, anza na koili ya distribyuta na kifaa cha elektroniki kinachoiamuru koili kubwa, ile inayotengeneza umeme wa cheche, na uvipime vikiwa bado vya moto.