Usita wa Mui, Lamu: utembee hivi

Mara ya kwanza niliumaliza Usita wa Mui, njia kuu ya mji wa kale wa Lamu, kwa nusu saa, nikarudi kwa mjomba wangu mtaa wa Mkomani nikijisifu. Akaniuliza, "Umeona kazi ya nani?" Nikakosa la kujibu.

Siku hizi naanzia ngomeni. Ngome ilipomalizwa mwaka 1821 ilikuwa ukingoni mwa bahari. Leo maji yako mita kama 70 mbele yake. Kwa hiyo ukishuka gatini usiutafute usita palepale kwenye upepo. Ingia ndani kidogo, uko nyuma ya nyumba zinazotazama bahari.

Nenda saa mbili au saa tatu asubuhi. Adhuhuri mafundi na wenye maduka wengi hufunga, na Ijumaa usijisumbue mpaka alasiri. Vaa malapa na nguo ya kukusitiri. Ukisikia "simile!" nyuma yako, jibane ukutani kwanza, ndipo ugeuke utazame: punda aliyebeba mchanga hana breki.

Kutoka ngomeni shika upande wa kaskazini, ukitega sikio. Nyundo ikigonga patasi utaisikia kabla hujaiona karakana. Simama mlangoni, toa salamu kamili, uliza hali, halafu nyamaza kidogo. Bei iache mwisho, na picha usipige kabla hujaruhusiwa. Mimi huuliza ubao: huu mvule au mbambakofi? Hapo fundi huiweka patasi chini, akakuonyesha. Mwombe akuonyeshe mfaa, ule mti wa katikati milango miwili inapokutana, maana nakshi nzuri hujazwa hapo na kwenye kizingiti cha juu. Pitisha kidole kwenye mifereji ya maua, kisha linganisha ua moja na jirani yake. Kwa kazi ya mkono hayafanani sawasawa, na mimi hiyo tofauti ndiyo naitolea pesa. Kama huna nyumba ya kutia mlango (mimi nimepanga vyumba viwili Kisauni), chukua sanduku dogo au fremu ya kioo.

Kofia ndizo zilizoniaibisha. Nilimnunulia mjomba moja, nikaambiwa ni ya mkono. Akaipindua ndani nje, akacheka mpaka akakohoa: ilikuwa ya cherehani. Basi nawe ipindue. Kofia ya viua ina vitundu vilivyozungushiwa uzi kimoja kimoja. Inyanyue kwenye mwanga uone kama jua linapenya na kama kingo zimekaza. Kazi hiyo huchukua wiki nyingi, kwa hiyo ukitajiwa bei ndogo mno, shuku.

Kwa sonara usipite haraka. Tafuta pete za fedha zenye kigae cha kaure ya zamani, kipande cha sahani ya Kichina chenye rangi ya buluu. Hakuna kigae pacha, kwa hiyo ukiipenda moja ijaribu kidoleni hapohapo. Saizi ikigoma, fundi ataipanua pete, kigae hakibadiliki.

Duka lenye bidhaa za plastiki lipite. Ukichoka, rudi uwanja wa ngome, kaa kivulini, unywe juisi ya ukwaju. Na ukiagiza mlango, nenda na vipimo vya tundu la ukuta vilivyoandikwa, upana na urefu, pamoja na unene wa ukuta. Fundi atakuuliza hilo la tatu, na wageni wengi hulisahau.